Panda ya Mwindaji: Namna Wazee Wetu Walivyoegemeza Bunduki

Utangulizi

Katika nyumba ya marehemu kambo yangu, nyuma ya mlango, kulikuwa fimbo moja ndefu yenye panda juu. Wageni wa mjini walipofika walidhani ni ya kuangulia maembe. Wengine walidhani ni mti wa kutegemeza kamba ya nguo. Kambo hakujibu kitu, alicheka tu. Ile fimbo ilikuwa nusu ya bunduki yake. Bunduki yenyewe ilichukuliwa wakati wa vita, lakini fimbo ilibaki, maana nani anaiba fimbo?

Watu wakizungumza habari ya uwindaji wa zamani, wanazungumza dawa, wanazungumza ushujaa, wanazungumza tembo waliouawa. Ni wachache wanaouliza: mwindaji alisimama namna gani? Mkono wa kushoto aliuweka wapi? Alipumua wakati gani? Mimi nataka kuandika juu ya hayo madogo, kwa sababu ndani ya hayo madogo ndimo ilimokuwa heshima ya kazi. Tena wanaoyajua wanazidi kupungua kila mwaka. Tusipoandika sisi, watoto wetu watabaki na sinema tu, na katika sinema mtu anapiga bunduki huku anakimbia na risasi haipotei.

1. Kabla ya bunduki: upinde hauegemei

Sisi watu wa Katanga tunajua kwamba falme zetu zinaanza na mwindaji. Baluba wanasimulia juu ya Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka upande wa mashariki, akamzaa Kalala Ilunga, yule aliyemshinda Nkongolo. Na Balunda wanasimulia juu ya Chibinda Ilunga, mwindaji wa kizazi cha Kiluba, aliyefika kwao akamwoa Lueji, binti mwenye ufalme. Mfalme wa kwanza ni mtu wa pori. Anajua kunyamaza, anajua upepo, anajua kungoja. Wazee waliona kwamba mtu wa namna hii anaweza pia kutawala watu.

Silaha ya wale ilikuwa upinde na mkuki. Upinde una sheria yake: mikono yote miwili inafanya kazi hewani, mmoja unasukuma, mwingine unavuta. Huwezi kuuegemeza juu ya kitu. Egemeo la mwenye upinde ni miguu yake na ukaribu wa mnyama. Njo maana mafundisho yote ya zamani yalikuwa juu ya kukaribia: kutupa vumbi kidogo kuona upepo unakwenda wapi, kutembea kwa kutanguliza kando ya mguu, kusimama kama mti mnyama akiinua kichwa.

Jambo moja linanifurahisha. Wachongaji wa Kichokwe, katika karne ya 19, walichonga sanamu za Chibinda Ilunga ambazo leo ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Katika baadhi ya sanamu hizo, mwindaji ameshika bunduki ya gumegume. Chibinda wa masimulizi hakuijua bunduki. Wachongaji walimpa silaha ya wakati wao, kwa sababu kwao mwindaji mkubwa bila bunduki alikuwa hawezekani tena. Kwa sanamu hizo tunaona vile bunduki ilivyoingia ndani ya mioyo ya watu kwa muda mfupi.

2. Bunduki ilikuja kwa njia mbili

Njia ya kwanza ilitoka magharibi. Wafanyabiashara Ovimbundu walitoka upande wa Bié na Benguela, katika nchi ya Angola ya leo, wakaleta bunduki, baruti na vitambaa, wakarudi na pembe za tembo, nta na, tuseme ukweli, watumwa. Njia ya pili ilitoka mashariki, Zanzibar mpaka Tabora, Ujiji, kisha kuvuka ziwa Tanganyika. Ndiyo njia ya Waswahili na Wanyamwezi. Hamed bin Muhammed, yule aliyeitwa Tippu Tip, alipita huko mpaka Kasongo. Wengi wanasema jina lake hilo ni mlio wa bunduki zake.

Msiri, Mnyamwezi aliyejenga Bunkeya, alishika njia zote mbili kwa mikono miwili. Alikuwa na shaba, chumvi na pembe. Akapata bunduki na baruti kutoka bahari mbili. Nguvu ya ufalme wake wa Garenganze ilisimama juu ya hizo bunduki. Mwaka 1891 Basanga walipoasi, naye baruti ikawa inampungukia, nguvu ile ilianza kutikisika. Msafara wa kapteni Stairs ulifika Bunkeya mwezi wa Desemba mwaka ule, na tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na kapteni Bodson, ambaye naye alipigwa akafa.

Lakini hapa sizungumzi vita. Nazungumza bunduki yenyewe ilikuwa namna gani, maana bila kuijua hutaelewa panda.

Bunduki ya gumegume ilikuwa ndefu karibu mita moja na nusu, na uzito wake mwingi ulikuwa mbele. Mtutu wake ulikuwa laini ndani, hauna mifuo ya kuzungusha risasi. Mwindaji alimimina baruti kwa mdomo wa mtutu, akaweka nyuzi za maganda ya mti, akashindilia kwa ufito, akaweka risasi ya duara au kipande cha chuma, akashindilia tena. Kisha alitia baruti kidogo katika kisahani cha pembeni. Akivuta kifyatuo, jiwe linapiga chuma, cheche inaanguka, baruti ya kisahani inawaka mbele ya jicho lake, na ni baada ya hapo tu baruti ya ndani inalipuka. Katikati ya cheche na kishindo kuna nafasi. Ni ndogo, lakini mtu mwenye woga anaweza kufumba macho na kugeuza kichwa ndani ya nafasi hiyo. Bunduki inageuka naye.

Baadaye ilikuja bunduki ya fataki, ambayo inawaka upesi zaidi. Wafuzi wa vijiji nao walijifunza kutengeneza za kwao, kwa bomba la maji au chuma cha usukani wa gari. Ndiyo ile tunayoiita pupu. Kwa fataki wengine walitia vichwa vya kibiriti. Lakini tabia ilibaki ile ile: ndefu, nzito mbele, risasi moja tu, na kushindilia tena kunachukua muda mrefu. Kwa silaha ya namna hii, mtu mwenye akili hapigi mnyama aliye mbali zaidi ya hatua 40 au 50, wala hapigi bila kuegemea.

3. Kwa nini kijiji kilibaki na bunduki ya zamani

Vijana wengine wanafikiri wazee walitumia pupu juu hawakujua bunduki nyingine. Si hivyo. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa ya Ulaya na mengine yalitia sahihi mkataba wa Bruxelles. Mkataba huo ulisema unapiga vita biashara ya utumwa, na kweli ulikuwa na sheria juu ya hiyo. Lakini ulikuwa pia na sheria juu ya silaha: katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwa ndani, ulikataza kuingiza bunduki za kisasa zenye mifuo, isipokuwa kwa serikali na watu wachache waliopewa ruhusa. Kilichoachwa kuuzwa kwa wenyeji ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida ya biashara.

Kwa hiyo tangu siku zile kulikuwa bunduki mbili katika pori moja. Muzungu na askari walikuwa na ile ya kupiga mbali. Mwanakijiji alikuwa na ile ya kupiga karibu. Yule wa kwanza aliweza kukosea akapiga mara ya pili na ya tatu. Yule wa pili alikuwa na nafasi moja. Ufundi wa kuegemea, ambao nataka kuueleza sasa, ni ufundi wa mtu mwenye nafasi moja.

4. Mahali pa kuegemeza

Haya ndiyo niliyofundishwa na kambo na wajomba zangu, upande wa Mitwaba, na niliyosikia kwa wawindaji wengine niliowauliza.

a) Panda. Ni fimbo ya mti mgumu, iliyonyooka, yenye mkono wa mbele kama herufi Y. Urefu wake unafika kwenye bega la mwenyewe. Kila mtu na yake, huwezi kuazima ya mtu mrefu. Ndani ya panda wanafunga kipande cha ngozi au kitambaa, kusudi chuma kisilie juu ya mti na bunduki isiteleze. Chini inachongwa ili ikamate udongo. Mwindaji anaisimamisha mbele yake, anailaza kidogo kuelekea kwake, mkono wa kushoto unashika panda na mbao ya bunduki pamoja. Mnyama akiwa chini, analaza fimbo zaidi. Akiwa juu, anaisimamisha. Panda moja inazuia bunduki kupanda na kushuka, lakini haizuii kwenda kushoto na kulia. Kwa hiyo wengine walifunga fimbo mbili kwa kamba ya maganda, zikafunguka kama miguu. Leo katika nchi jirani, Zambia na Tanzania, waongozaji wa wawindaji wageni wanabeba fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu. Ni dada wa panda yetu.

b) Mti uliosimama. Hapa watu wengi wanakosea. Hauweki mtutu juu ya mti. Unaweka kiganja cha kushoto kwenye gamba la mti, unatoa kidole gumba, bunduki inakaa juu ya mkono, si juu ya mti. Kambo alikuwa anasema: «Chuma na muti habapendane. Tia mukono katikati yabo, njo batapatana.» Sababu yake iko wazi. Bunduki inapolipuka inaruka. Ikiwa juu ya kitu kigumu, kile kitu kinaisukuma kabla risasi haijatoka vizuri, na risasi inakwenda juu. Ikiwa juu ya nyama ya mkono, inaruka vile inavyoruka siku zote.

c) Kichuguu. Katanga yetu imejaa vichuguu, vingine vina urefu wa mita tano mpaka nane, na miti imeota juu yake. Kwa mwindaji kichuguu ni nyumba. Ananyemelea akiwa nyuma yake, analala juu ya ubavu wake, anaweka kofia au mfuko chini ya bunduki, anapiga. Kuna faida nyingine ambayo wazee waliithamini sana: ukipiga kutoka juu kwenda chini, risasi iliyokosa inaingia udongoni. Haiendi kutafuta mama anayechuma uyoga upande wa pili.

d) Goti na kukaa. Kama hakuna mti wala kichuguu, mwili wenyewe unakuwa panda. Ukipiga goti, kiwiko cha kushoto hakikai juu ya mfupa wa goti. Kinapita mbele kidogo, nyama ya mkono ikutane na goti. Mfupa juu ya mfupa unateleza kama yai juu ya yai. Ukikaa chini, miguu inafunguliwa, viwiko viwili vinaingia ndani ya magoti. Namna hii ni nzuri zaidi kuliko goti moja, lakini inadai majani mafupi. Njo maana ni ya kiangazi, kisha mioto ya pori kupita.

e) Bega la mwenzako. Walikuwako waliomsimamisha kijana mbele, wakaweka bunduki juu ya bega lake. Kambo alikataa jambo hili kabisa. Kijana anapumua, anatetemeka, na kishindo kinamharibu masikio. Tena moto wa kisahani unaweza kumchoma. «Mutoto wa mutu hapana panda,» alisema, na hakutaka mabishano.

Kwa kila namna, pumzi ni moja: unavuta, unatoa nusu, unashika kidogo, unabana kifyatuo polepole kama mtu anayekamua dawa jichoni. Ukihesabu sana bila kupiga, macho yanachoka; teremsha bunduki, anza upya. Na kisha kishindo, usisogee. Ubaki hivyo hivyo mpaka moshi utoke.

5. Kulala kifudifudi: mafunzo ya askari

Msomaji atauliza: na kulala kifudifudi? Si ndiyo namna iliyo imara kuliko zote? Ni kweli, lakini kwa bunduki ya kushindilia haikufaa. Huwezi kumimina baruti na kusukuma ufito ukiwa umelala. Ni lazima usimame. Tena baruti nyingi ya bunduki ya tembo inasukuma bega kwa nguvu: aliyesimama anarudi nyuma pamoja na bunduki, aliyelala hana pa kwenda, na mfupa wa bega unalipa deni. Hata huko Ulaya, askari walisimama kwa mistari kwa sababu hiyo hiyo. Walianza kulala chini wakati zilipopatikana bunduki za kujazwa kwa nyuma, katikati ya karne ya 19.

Kwetu kulala kulikuja na Force Publique. Jeshi hilo lilitumia kwanza bunduki za Albini, kisha Mauser, na askari walifundishwa kusimama, kupiga goti na kulala. Wengi wao walikwenda mpaka Tabora, iliyokamatwa mwezi wa Septemba 1916. Waliorudi kijijini walirudi na kiwiko ndani ya ukanda wa bunduki, na maneno ya mafunzo. Lakini pori letu liliwajibu. Majani ya mvua yanapita kichwa cha mtu. Ukilala unaona majani tu. Kwa hiyo mtu aliyejua kulala kwa kazi ya leta, nyumbani alirudia panda.

Si watu weusi tu waliosoma somo hilo. Katika eneo la Lado, ambalo Leopold wa Pili alilishika mpaka kifo chake mwaka 1909, aliwinda mtu wa Scotland aliyeitwa Walter Bell. Aliua tembo zaidi ya 1.000 maishani mwake, wengi kwa bunduki ndogo ya milimita 7, wakati wenzake walibeba mizinga. Mara nyingi alipiga akiwa amesimama, kwa sababu ya majani marefu. Siri yake? Alipasua kichwa cha tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi, na kila siku, hata njiani, alizoeza mikono yake kulenga bila kupiga. Sisifu hesabu ya tembo wale. Ni hesabu ya huzuni. Nasema tu kwamba hata yeye hakutegemea ukubwa wa bunduki. Alitegemea mwili uliofundishwa.

6. Kosa langu

Sasa niungame, maana mwandishi asiyesema makosa yake anafundisha nusu.

Mwaka 1972 nilikuwa kijana wa miaka 17. Kambo alinipa bunduki ya fataki, akanipa na panda, nikaenda pamoja na mjomba, kaka wa mama. Kwenye kijito nikaacha panda chini ya mti. Ukweli ni kwamba niliona haya. Wenzangu wa shule walikuwa wanasema ile fimbo ni ya wazee wasio na nguvu. Tukakuta nguruwe dume anachimba mizizi, hatua kama 30. Mbele yangu kulikuwa tawi kavu. Nikalaza mtutu juu yake, chuma juu ya mti, nikavuta kwa haraka.

Bunduki iliruka. Risasi ilimpata nguruwe nyuma, juu ya kiuno, akaingia katika matete akilia. Sheria ya uwindaji inajulikana: mnyama uliyemwumiza ni wako, haumwachi afe kwa mateso, wala haumwachi akutane na watu wengine. Lakini sheria inasema pia ungoje kwanza. Mjomba hakungoja, juu aliniona nimeanza kulia na alitaka kumaliza aibu yangu upesi. Nguruwe alitoka matete, akampasua paja. Tulimbeba mpaka kijijini usiku. Alipona, lakini ule mguu haukunyooka tena mpaka siku ya kifo chake.

Kambo hakunipiga, hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja tu: «Panda yako iko wapi?» Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: «Basi, kwenda kuitafuta. Na kuanzia leo weye utabeba panda, hautabeba bunduki.» Nilibeba panda peke yake kiangazi chote kile na cha mwaka uliofuata. Nilimfuata nyuma, ninamsimamishia, ninaona vile anavyoshika, vile anavyopumua, na zaidi ya yote vile anavyoacha. Mara nyingi mnyama alisimama mbele yetu, kambo akaweka bunduki juu ya panda, akaangalia, akaiteremsha. Majani yako mbele, au mnyama ana mtoto, au mikono haikutulia. «Leo tutakula bukari na sombe,» alisema, tukarudi.

Mjomba naye alikatiwa fimbo nyingine ya panda. Ile ilikuwa ya kutembelea.

7. Panda ya heshima

Panda haikuwa chombo tu. Katika nchi zetu za kusini, mti wenye panda unasimama pia mahali pa kuheshimu wawindaji waliokufa. Kwa Ndembu, ndugu wa Balunda wanaokaa upande wa Mwinilunga, Zambia, mtaalamu Victor Turner aliona katika miaka ya 1950 mti wa namna hiyo unaoitwa chishing'a. Unakatwa kwa mti mgumu ambao mchwa hawauwezi, matawi yake yanachongwa, na nyama ya mawindo inatundikwa juu yake. Huko walitofautisha kazi mbili: wubinda, uwindaji wa upinde na mitego, na wuyang'a, uwindaji wa bunduki, wenye mafundisho na ngazi zake. Baluba nao wanajua buyanga, umoja wa wawindaji. Ukisikia maneno haya mawili unasikia kwamba ni ndugu.

Sisemi kwamba panda ya kuegemeza bunduki na panda ya kutambika ni kitu kimoja. Lakini kwa mtu aliyekulia kati ya hizo mbili, ilikuwa vigumu kuzitenga. Asubuhi unaegemeza bunduki juu ya mti wenye panda. Jioni unatundika sehemu ya wazee juu ya mti wenye panda. Mti ule ule unakuuliza mara mbili: ulipiga vizuri? Uligawa vizuri?

8. Na leo?

Leo hali imegeuka. Hifadhi ya Upemba iliundwa mwaka 1939, ya Kundelungu mwaka 1970. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali, inakataza kuua wanyama wanaolindwa, na ndani ya hifadhi mwindaji hana ruhusa kabisa. Sheria ya mwaka 2014 juu ya kulinda viumbe ilikaza zaidi. Wengine wanasema sheria hizi ndizo zilizoua desturi zetu. Mimi sikubali. Desturi zetu ziliuawa na Kalashnikov.

Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1996, na kisha katika ile pembetatu ya Mitwaba, Manono na Pweto ambayo watu waliita pembetatu ya mauti, bunduki za vita zilijaa pori. Bunduki ile haiombi panda. Inamwaga risasi 30 pasipo kupumua, na mwenye kuishika hana haja ya kukaribia, wala kungoja, wala kujua huyu ni dume au jike mwenye mimba. Tembo, mbogo, palahala, punda milia wa Lusinga, wote waliona mwisho wa ile tabia. Walinzi wa hifadhi nao waliuawa. Mtoto wa siku zile alijifunza kwamba bunduki ni ya kumwagia. Hakujifunza kuiteremsha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, «Muzee, wanyama wamekwisha, panda ya nini tena?», ninamjibu hivi. Panda haikuwa ya kuua tu. Ilikuwa ya kukataa kuua. Mtu anayepiga bila kuegemea anaogopa mnyama atakimbia; anapiga juu ya haraka. Mtu mwenye panda amesimama, amepumua, anaona vizuri, na yeye peke yake ndiye anayeweza kusema hapana. Kipimo cha fundi kwa wazee wetu kilikuwa risasi alizorudi nazo nyumbani.

Siwaombi vijana warudi porini na pupu. Bila kibali ni kosa, tena pupu nyingi zinapasuka mikononi. Naomba mambo mawili. La kwanza, waulizeni wazee waliobaki: mti gani walikata kwa panda, waliufunga na nini, waliambiwa maneno gani siku ya kwanza kushika bunduki. Yaandikeni, leteni katika umoja wetu. La pili, mwenye kushika silaha kwa kazi halali, awe mlinzi wa hifadhi au askari, akumbuke kwamba mkono unaotulia ni mkono unaoweza kuacha.

Ile fimbo ya kambo iko kwangu sasa, Lubumbashi, nyuma ya mlango. Wajukuu wananiuliza kama ni ya maembe. Mimi sikucheka kama yeye. Niliwaketisha chini, nikawaeleza habari ya mguu wa mjomba.